Mikwaruzo Chini ya Gauni la Njano

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi na sungura kulima shamba moja, bali zamani ya karibu ambayo bibi zenu waliikanyaga kwa miguu yao, palikuwa na mji huko Unyamwezi ambako baiskeli ya dukani haikuheshimiwa. Ilimfaa karani, ilimfaa mwalimu. Lakini mtu wa kubeba asali kutoka porini, madumu huku, madumu kule na jingine juu ya keria, baiskeli ya dukani ilimkunjikia njiani kama mkeka. Basi watu wa mji ule walijitengenezea zao. Mafundi walikata mabomba ya chuma, wakayapinda, wakayachomelea, na fremu ikatoka nzito na ngumu, kila moja na umbo lake.

Fremu ikishatoka kwa fundi chuma, ilikwenda kwa Zamda.

Zamda binti Sudi alikuwa mpaka rangi. Ukimpelekea fremu hakukuuliza unataka rangi gani. Alikuuliza, "Ukipita barabarani, unataka watu waone nini?" Mmoja alitaka chui. Mwingine alitaka jina la mama yake. Bwana harusi mmoja alitaka maua yaleyale yaliyokuwa kwenye kanga ya mchumba wake, na Zamda akaiazima ile kanga, akaitundika ukutani, akayahamishia maua kwenye chuma moja baada ya jingine.

Sasa mshikeni huyu Zamda msimwachie, maana mzigo wa hadithi hii utaangukia kichwani mwake.

Siku moja alikuja Masele, mchukuzi wa asali, anaikokota baiskeli yake badala ya kuipanda. Zamda alimfahamu. Alikuwa mtu wa utani, mtu wa kupiga kengele hata njia ikiwa tupu. Siku hiyo hakupiga kengele.

"Dada Zamda," alisema, "nina kazi, ila sijui kama inawezekana."

"Sema kwanza, kaka."

"Nataka unichoree Milembe."

Zamda akaweka brashi chini. Mji mzima ulijua habari za Milembe. Alikuwa binti yake Masele, mtoto wa pekee, ndiyo kwanza meno ya mbele yameanza kung'oka. Homa ilimshika asubuhi. Masele akampakia kwenye keria, akamwambia, "Nishike kiuno," akaikanyaga baiskeli kuelekea zahanati. Njiani aliisikia mikono ya mtoto kiunoni imelegea. Alidhani amelala.

"Una picha yake?" Zamda aliuliza.

"Hatukuwahi kumpiga picha. Tulisema mwakani, akianza shule."

"Sasa nitamchoraje, kaka? Nilimwona akipita tu."

"Nitakueleza," Masele akasema. "Tena nitakueleza yote."

Akakaa kwenye benchi, akaeleza. Alieleza gauni la njano ambalo mtoto hakukubali livuliwe hata likifuliwa. Alieleza namna alivyokimbia mguu mmoja ukitupwa nje kama wa bata. Alieleza kuku aliowafukuza, na alivyokuwa akicheka huku kaziba mdomo kwa kiganja ili pengo lisionekane. Zamda alisikiliza, kisha akaivua baiskeli magurudumu na usukani, akabaki na fremu peke yake. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi ya ovyo, ya mtu mwenye haraka. Akaanza kuikwangua.

Hapo, kwenye bomba la juu, karibu na usukani, aliona mikwaruzo. Ilikuwa michimbo ya kina, imepangana. Aliitazama kama mtu yeyote anavyotazama chuma kilichobeba madumu na kufungwa kamba za waya miaka nenda miaka rudi. Akachukua puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kwenye chuma, akaiziba. Akapiga msasa mpaka bomba likawa laini kama kiwiko cha mtoto. Akapaka rangi ya kwanza, na juu ya rangi ya kwanza akamchora Milembe.

Hakumchora mara moja. Bomba ni jembamba, uso hauenei. Alimchora mdogo mdogo, akikimbia kutoka kwenye usukani kuelekea kwenye siti: hapa anafukuza kuku, hapa ameinama kuokota kitu, hapa ameziba mdomo anacheka. Uso wake haukuzidi ukucha wa kidole gumba. Alipomaliza akapaka vanishi, akaiacha ikauke, akatuma wamwite Masele.

Masele alikuja na mkewe, Nyamizi. Tangu msiba, Nyamizi alikuwa hasemi. Alipika, aliteka maji, alifagia, lakini neno halikumtoka. Alisimama mbele ya fremu, akainama, akalifuata bomba kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaweka kidole karibu na ule uso mdogo, bila kuugusa.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye."

Masele akakaa chini palepale kwenye vumbi la msasa.

Tangu siku hiyo Nyamizi alianza kusema tena, kidogo kidogo. Kila jioni Masele aliporudi, Nyamizi ndiye aliyeifuta baiskeli. Hakuna aliyemwuliza anafuta nini.

Mngetamani hadithi iishie hapo. Hata Zamda alitamani.

Alikuja mgeni mjini, ambaye hakuwa mgeni hasa. Alikuwa Kazimoto, mwana wa marehemu Luhende, fundi chuma aliyekuwa hodari kuliko wote. Fremu za Luhende zilijulikana kwa mbali, kwa sababu bomba la chini alilipinda kidogo kama mgongo wa paka anayejinyoosha, na hakuna fundi mwingine aliyeweza kulipinda hivyo bila kulivunja. Kazimoto alikuwa ameondoka kwa ugomvi. Baba alitaka ajifunze kuchomelea, yeye akataka kazi ya reli. Baba akasema mbele ya watu, "Sina mwana." Kazimoto akasema, "Nami sina baba." Akapanda treni.

Luhende alipougua hakumtumia habari. Alipokufa, Kazimoto alifika maziko yameshakwisha.

Sasa siku hiyo Masele alikuwa sokoni anashusha madumu, Kazimoto akapita, akaona lile bomba la chini. Akasimama. Akaizunguka baiskeli, akaizunguka tena.

"Ndugu yangu, hii baiskeli umeipata wapi?"

"Nimeinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu. Hapahapa sokoni, mchana kweupe. Nilimpa asali, akanipa baiskeli. Kwani vipi?"

Kazimoto akashika usukani. "Baba yangu alitengeneza fremu ya mwisho kabla hajafa. Iliibwa msibani, watu wakiwa makaburini. Nadhani ndiyo hii."

Watu wakaanza kusogea. Masele akacheka, lakini si kwa furaha. "Baba yako alitengeneza fremu za nusu ya mji huu. Utazidai zote?"

"Siyo zote. Ile ya mwisho ina jina langu. Jirani yetu alimwona mzee akilichonga kwa patasi kwenye bomba la juu, karibu na usukani. Baba hakujua kusoma wala kuandika. Alimwomba huyo jirani amchoree jina langu kwenye vumbi, akalinakili kwenye chuma. Jirani ameshakufa. Mimi sijaliona kwa macho yangu."

Watu wote wakageuka kulitazama bomba la juu. Walichoona ni Milembe anakimbia.

Walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mimi nimezoea mbuzi aliyekula mahindi ya jirani," akasema. "Hapo nauliza tu mbuzi wa nani, mahindi ya nani. Hapa sijui hata niulize nini. Nendeni kwa Zamda. Yeye ndiye aliyeliona bomba hilo likiwa uchi."

Wakaenda kwa Zamda.

"Dada Zamda," alisema Kazimoto, "kabla hujapaka, uliona jina?"

Zamda akaiona ile mikwaruzo akilini. Mara ilikuwa herufi. Mara ilikuwa makovu ya waya. Kila alipojitahidi kuikumbuka vizuri, ilizidi kubadilika.

"Niliona mikwaruzo," akasema.

"Mikwaruzo ya namna gani?"

"Ya kina."

"Iliyoandikwa?"

"Sijui. Wallahi, sijui. Sikuwa natafuta jina. Nilikuwa natafuta mashimo."

"Si umesikia?" akadakia Masele. "Ni mikwaruzo ya kamba zangu. Mimi ndiye ninayeifunga mizigo. Sikuona jina, na nimeitumia siku zote."

"Watu wanasema ilikuwa na rangi nyeusi ulipoinunua," Kazimoto akasema. "Mwizi aliipaka kwa nini?"

Zamda akaikumbuka ile rangi nyeusi, ya ovyo, ya mtu mwenye haraka. Kisha akajiambia: baiskeli ngapi zina rangi nyeusi ya ovyo, na zote zimeibwa? Akarudi palepale alipokuwa.

"Njia ni moja," Kazimoto alisema. "Kwangua. Jina likiwepo, ni yangu. Lisipokuwepo, nitamwomba huyu bwana radhi na nitaondoka."

Nyamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Na mwanangu?"

Zamda akajaribu kuokoa jambo. Alichukua kipande cha bomba jipya, akakipiga msasa, akamchora Milembe upya, huku akitazama ile picha ya kwanza. Gauni lilelile, kuku walewale, kiganja kilekile mdomoni. Ilikuwa nzuri, watu wa mtaani waliisifu. Akampelekea Nyamizi.

Nyamizi alitazama kwa muda mrefu. "Ni mtoto mzuri," akasema. "Lakini simjui."

Zamda akarudia. Akarudia tena. Kila aliyemchora alikuwa mtoto wa watu. Hakuelewa. Mkono ulikuwa uleule, brashi ileile, rangi ya kopo lilelile.

Wakamleta mpiga picha. Bomba ni la mviringo, vanishi inang'aa. Picha ilipotoka, mahali pa uso palikuwa na mng'ao mweupe wa jua, na gauni la njano limekuwa la kijivu. Nyamizi alirudisha ile karatasi bila kusema kitu, na Masele akaogopa kwamba ameanza kunyamaza tena.

Zamda akamfuata Kazimoto alikofikia. "Kaka, nikuandikie jina lako? Nitalichonga kwenye fremu nyingine ya mzee, halafu nitalipaka dhahabu. Litapendeza kuliko lile."

"Dada," Kazimoto akasema taratibu, "jina langu najua kuliandika mwenyewe. Unadhani nataka baiskeli? Mimi ni mtu wa reli, nitaipanda kwenda wapi? Baba alisema hana mwana. Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Halafu mtu ananiambia kwamba mwishoni aliandika jina langu kwa mkono uliokuwa unatetemeka. Hilo sijaliona. Sasa mimi niamini lipi? Kama jina liko pale, nina baba. Kama halipo, basi neno la mwisho ni lile la siku ya treni."

Zamda akarudi nyumbani kichwa kinamwuma. Alikuwa amekwenda amejiandaa kumchukia, amerudi hawezi.

Siku ya pili alikuja Masele, peke yake.

"Nimefikiri," alisema. "Huenda yule aliyeniuzia alikuwa mwizi. Sikumwuliza mengi. Fremu ya Luhende kwa asali ile? Nilijua ni rahisi mno. Nilijua nikajifanya sijui."

"Basi unataka niikwangue?"

"Hapana!" Masele aliinuka kwenye benchi. "Ninachosema ni kwamba chuma huenda ni chake. Achukue magurudumu, achukue usukani, nimtumikie, nimbebee mizigo mpaka nizeeke. Lakini bomba lile, dada, mwanangu alikata roho akiwa juu ya baiskeli ile. Na sasa yumo. Mama yake anamfuta vumbi kila jioni. Ukiweka kisu pale, nitamzika mara ya pili."

"Na kama chini yake amezikwa baba wa mtu?"

Masele akafunua mikono. "Sijui. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Nami sijui!" Zamda akapaza sauti. "Mwenyekiti hajui ananitupia mimi. Wewe hujui unanitupia mimi. Nimewaambia mimi ni mjuzi? Mimi mpaka rangi!"

Lakini hapakuwa na wa kumtupia. Hatimaye wote wawili, Masele na Kazimoto, walikubaliana neno moja tu: Zamda ndiye aliyefunika, na Zamda ndiye atakayeamua kama afunue. Atakalofanya, hakuna atakayemlaumu. Wakapeana mikono mbele ya mwenyekiti. Wakaileta fremu, wakaiweka juu ya meza yake ya kazi. Nyamizi alikaa upande mmoja, hakumtazama mtu. Kazimoto alisimama upande wa pili, kofia mkononi. Masele alikaa nje ya mlango akatazama barabara.

Zamda akachukua kisu cha kukwangulia. Akakiweka chini. Akakichukua.

Sasa, karibu na usukani palikuwa na sehemu ndogo isiyo na picha, rangi ya ardhi tupu, kabla ya unyayo wa Milembe kuanza. Ule mguu uliotupwa nje kama wa bata. Zamda akaona, hapa sitamgusa mtoto. Akaanza hapo. Alikwangua vanishi. Alikwangua rangi ya ardhi. Alikwangua rangi ya kwanza. Puti ikaanza kutoka unga unga. Akaipuliza.

Ukaonekana mchimbo mmoja. Ulikuwa mstari, umesimama wima, wa kina.

Kazimoto akainama, pumzi zake zikasikika. "Ni K," akasema. "Ni mgongo wa K. Dada, endelea kidogo tu, utaona mikono yake."

Masele alikuwa ameingia bila wao kumsikia. Akatazama naye. "Ni waya huo," akasema. "Nilifunga waya hapohapo, ukalila bomba. Waya hukata hivyo, wima."

Zamda akauinamia ule mstari. Akaugusa kwa ukucha. Ulikuwa umenyooka kama wa mtu aliyejitahidi kunyoosha. Ulikuwa umeyumba kidogo chini. Mkono unaotetemeka huyumba, na waya uliolegea huyumba pia. Aliutazama mpaka macho yakamtoka machozi, si kwa kulia, kwa kukodoa. Kama ulikuwa K, mikono ya K ilikuwa chini ya unyayo wa mtoto. Na baada ya K, A ilikuwa chini ya gauni. Na jina lote, kama lilikuwa jina, lilikuwa chini ya msichana mzima.

"Endelea, dada yangu," Kazimoto akanong'ona. "Nakuomba. Nimekuja kutoka mbali."

Nyamizi hakunong'ona. Alinyoosha mkono akaufunika unyayo ule kwa kidole kimoja, kama mama anayefunika mguu wa mtoto aliyelala usipigwe na baridi. Hakuutoa.

Zamda alisimama na kisu. Alimtazama Kazimoto, akaona ana haki. Alimtazama Nyamizi, akaona ana haki. Akamtazama Masele, aliyenunua akijua na asijue, aliyempakia mtoto na kukanyaga kwa nguvu zake zote, naye akaona ana haki. Akaitazama kazi ya mikono yake mwenyewe, iliyo nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, ambayo ameshindwa kuirudia. Hakuna aliyemwuliza kuhusu hilo, hata yeye hakujiuliza mpaka wakati ule.

Akaweka kisu mezani. Hakusema "nimeamua." Alisema, "Nimechoka," akatoka nje.

Wanasema alipaka vanishi juu ya ule mstari mmoja, ubaki wazi bila kufunikwa wala kufunuliwa zaidi, akaitundika fremu ukutani kwake. Masele akaendelea kubeba asali kwa baiskeli ya kuazima. Nyamizi alifika na kitambaa chake kila jioni. Kazimoto, kila likizo ya reli, alishuka kwenye treni akaja akasimama mbele ya ule mstari, akauona leo ni K, na kesho yake, kabla hajapanda, akauona ni waya. Nyamizi na Kazimoto walikutana mara nyingi pale ukutani, wakasogezeana benchi. Lakini hakuna aliyemwambia mwenzake, "Chukua."

Basi, wasikilizaji, mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Kazimoto alisema mali ya wizi haigeuki halali kwa kupakwa rangi. Masele alisema kuna vitu mtu hununua kwa asali na kuna vitu hununua kwa mtoto. Nyamizi aliuliza, "Na mwanangu?" kisha akaweka kidole. Zamda alisema amechoka, na wapo wanaomsifu kwa hilo, na wapo wanaosema aliwaacha wote watatu na njaa.

Wewe uliyekaa karibu na mlango, usijifanye unasinzia. Na wewe mama, na wewe mzee. Kisu kiko mezani. Fremu iko ukutani. Je, lile bomba alilistahili nani? Na kama ungekuwa wewe, ungeukwangua unyayo ule?